Mkahawa wa mwisho kijijini: uchambuzi wa kisa kutoka milima ya katikati ya Ufaransa

Kisa hiki kinahusu kijiji kimoja kidogo katika milima ya Massif Central. Jina la kijiji, la mto wake na ya watu wote yameondolewa, na baadhi ya mambo madogo yamebadilishwa ili asitambulike mtu. Nimekiandika kwa ajili ya wanaofanya kazi na mabaraza ya vijiji, vyama vya ushirika na miradi ya maendeleo. Kijiji hiki kilitafuta fedha za jengo kikazipata, kikatafuta mtu wa kuliendesha kikampata, na bado mlango ukafungwa. Walichofanya baada ya hapo ndicho chenye faida kwetu zaidi.

Kijiji chenyewe

Ufaransa ina komuni karibu 35,000, na zaidi ya nusu yake zina wakazi wasiofika 500. Komuni ndiyo ngazi ya chini kabisa ya utawala. Ina meya, baraza, bajeti yake na ofisi yenye bendera mlangoni, hata kama wakazi wake ni wachache kuliko wanafunzi wa shule moja ya msingi ya Dar es Salaam. Kijiji hiki kina watu wasiofika 300, kwa hiyo kisheria kina madiwani 11. Meya hupata posho, na wengi wa madiwani hufanya kazi hiyo bure, jioni, baada ya kukamua ng'ombe au kurudi kutoka hospitali ya mji wa jirani wanakofanya uuguzi.

Katikati ya kijiji kuna kanisa la mawe, na mbele yake mnara wa waliokufa katika vita vya 1914 hadi 1918. Ufaransa ilipoteza wanajeshi wapatao milioni 1.4 katika vita vile, na vijiji vya wakulima viliumia sana. Majina yaliyochongwa kwenye mnara huu ni mengi kuliko vijana wa kiume wanaoishi hapo leo. Baada ya vita watu waliendelea kuondoka, wengine kwenda kwenye reli, wengine viwandani, wengine Paris. Nyumba walizoacha nyingi zimenunuliwa na watu wa mijini, Waholanzi na Waingereza, ambao huja Julai na Agosti. Kwa wiki hizo chache kijiji hujaa. Novemba unaweza kupita barabara kuu adhuhuri usikutane na mtu.

Kuna jambo moja la ramani ambalo msomaji asilipite haraka, kwa maana litarudi. Chini ya nusu ya wakazi ndio wanaoishi pale kwenye kanisa. Wengine wametawanyika kwenye vitongoji vya nyumba tatu, nyumba tano, juu ya vilima na kando ya msitu. Mwenye gari hajali. Mzee wa miaka 85 aliyeacha kuendesha ni kama anaishi kisiwani.

Shule ilishafungwa. Watoto hupanda basi kwenda kijiji cha pili, ambacho kinagawana madarasa na vijiji vingine viwili. Kilichobaki ni ofisi ya meya inayofunguliwa siku chache kwa wiki, dirisha la posta ndani ya ofisi hiyo hiyo, ukumbi wa sherehe na mkahawa.

Mkahawa huo ulikuwa na kazi nyingi. Asubuhi uliuza mikate iliyoletwa na mwoka mikate wa mji wa jirani. Kisheria haukuruhusiwa kujiita duka la mwoka mikate, kwa sababu tangu 1998 jina hilo ni la anayekanda na kuoka palepale, lakini wanakijiji hawakuhitaji kibao. Uliuza sigara, magazeti, mitungi ya gesi, chumvi, betri na bahasha. Jumapili asubuhi wawindaji waliingia na matope kwenye viatu kabla ya kwenda msituni. Jioni wazee walicheza karata. Nyuma ya kaunta kulikuwa na daftari la mikate: kila aliyeagiza jina lake liliandikwa kwa penseli, na mikate ilisimamishwa ndani ya kikapu, kila mmoja na kikaratasi chake. Jina likibaki kikapuni hadi saa sita mchana, mwenye mkahawa alipiga simu. Simu isipopokelewa, mtu alitumwa aende akaangalie. Hakuna sheria wala ruzuku iliyokuwa inagharamia huduma hiyo.

Mlango unafungwa mara ya kwanza

Miaka michache kabla ya janga la korona, mume na mke waliokuwa wakiuendesha mkahawa walitangaza kwamba wanastaafu. Walitafuta mnunuzi kwa zaidi ya mwaka bila kumpata. Alijitokeza mtu wa mjini aliyetaka nyumba peke yake, aigeuze ya likizo. Akajitokeza mwingine aliyetaka leseni ya pombe peke yake, aipeleke kwenye mkahawa wa mahali pengine.

Leseni hiyo, inayoitwa leseni ya daraja la nne, inaruhusu kuuza vinywaji vya aina zote. Kimsingi sheria ya Ufaransa hairuhusu kuanzisha leseni mpya za daraja hilo. Zilizopo hununuliwa na kuhamishwa, na isiyotumika kwa miaka mitano hufa. Kijiji kikipoteza ya mwisho, kuipata nyingine ni kazi. (Sheria ya Desemba 2019 ilifungua mlango kwa muda wa miaka mitatu kwa komuni zenye watu wasiofika 3,500, lakini uamuzi wa kijiji hiki ulifanyika kabla ya hapo.)

Meya wa wakati huo, mfugaji mstaafu, alilipeleka suala barazani. Walikuwa na njia tatu: kuacha soko liamue, kununua leseni tu na kuitunza, au kununua vyote viwili. Walichagua ya tatu, kwa sababu jengo na leseni vikitengana havirudiani tena. Naona walifanya sawa, na kila kilichofuata kinathibitisha hilo, hata yaliyoharibika.

Fedha za mawe

Hapa ndipo kisa kinapohitaji kusomwa polepole.

Komuni ndogo Ufaransa haiwezi kujenga peke yake. Huomba ruzuku ya serikali kuu kupitia kwa mkuu wa departimenti (ngazi ya utawala iliyo kati ya komuni na mkoa) anayeteuliwa na Paris, kisha huomba mkoa na departimenti. Kuna mfuko maalumu wa vifaa na majengo ya vijijini, ulioanzishwa mwaka 2011. Kanuni ya jumla ni kwamba komuni lazima itoe angalau asilimia 20 ya gharama kutoka mfukoni mwake, na kazi isianze kabla ombi halijawasilishwa. Fundi akishaanza kugonga ukuta, ruzuku inaweza kupotea.

Mifuko hii kimsingi hulipia uwekezaji: paa, mabomba, jiko, madirisha. Mishahara haimo, wala gharama za majira ya baridi wakati wateja ni wachache. Kwa hiyo baraza likaandika mradi unaofanana na mifuko ilivyo. Kwa kuwa ruzuku ilipatikana kwa jiko, likawekwa jiko kubwa la mgahawa, lenye bomba la moshi la chuma cha pua na chumba cha baridi. Ghorofani zikajengwa vyumba vya familia ya mwendeshaji. Mlangoni ukawekwa mteremko wa viti vya magurudumu, kama sheria ya 2005 ya watu wenye ulemavu inavyotaka. Kwa sababu kanisa ni jengo la kihistoria lililohifadhiwa, na mkahawa uko ndani ya mita 500 kutoka kwake, msanifu wa serikali alibidi aridhie rangi ya madirisha na aina ya vigae. Miezi ikapita.

Na tusisahau kanisa lenyewe. Baada ya sheria ya 1905 iliyotenganisha dini na dola, makanisa mengi ya vijijini yakawa mali ya komuni. Paa linalovuja juu ya madhabahu hulipiwa na baraza lile lile linalonunua mkahawa. Wapo madiwani waliosema wazi kwamba kanisa litangulie. Kura ya kununua mkahawa ilipita kwa tofauti ndogo.

Mwendeshaji wa kwanza

Tangazo lilipotolewa barua zilikuja nyingi, zaidi zikitoka kwa familia za mijini zilizochoka na kodi ya nyumba na misongamano. Baraza lilichagua mume na mke wa umri wa miaka thelathini na kitu, wenye watoto wawili. Mume alikuwa mpishi hodari. Watoto wawili maana yake watoto wawili zaidi katika basi la shule, na hilo lilikuwa na uzito mkubwa mezani kuliko hesabu. Hakuna aliyewauliza wanandoa hao wanahitaji mauzo kiasi gani kwa siku ili waishi, wala hakuna aliyewapa vitabu vya hesabu vya waliotangulia.

Mkataba ulikuwa wa upangaji wa biashara, pango dogo, karibu la ishara. Baraza liliamini kwamba hapo limemaliza wajibu wake. Walichopewa wapangaji ni nyumba nzuri ya bei nafuu pamoja na hatari yote ya biashara.

Siku yao ilianza saa moja asubuhi na mikate, ikaisha saa tatu usiku na vyombo. Wateja wa chakula cha jioni walikuwa wa kiangazi. Kuanzia Oktoba jiko kubwa lilipasha moto chumba kisicho na mtu, na umeme wake ulizidi pango. Wanakijiji walinunua vitu vikubwa kwenye supamaketi, karibu nusu saa kwa gari, wakaja dukani kwa kile walichosahau. Mpishi alitaka kupika vizuri, wazee walitaka meza ya karata na kahawa ya bei ya zamani. Mke alipoanza kufunga Jumatano alasiri, siku ambayo watoto wengi hawaendi shule, ili akae na wanawe, maneno yakaanza. Aliyesema mengi, kwa mujibu wa mashahidi kadhaa, ni mtu aliyeingia dukani mara moja kwa wiki. Ninaposoma sehemu hii huwa nawaonea huruma wale wanandoa.

Ikaja korona. Usiku wa tarehe 14 Machi 2020 serikali iliamuru mikahawa yote ifungwe. Kesho yake ulifanyika uchaguzi wa mabaraza, na madiwani wapya walikaa karibu hadi mwisho wa Mei kabla ya kushika kazi. Upande wa vyakula uliruhusiwa kuendelea, na kwa wiki zile duka liliuza kuliko wakati wowote, maana watu waliogopa kwenda mbali. Mikahawa ilifunguliwa tena Juni katika sehemu nyingi za nchi, ikafungwa upya tarehe 30 Oktoba. Kabla majira ya baridi hayajaisha, wapangaji walirudisha funguo.

Kijijini watu wengi walisema korona ndiyo iliyoua mkahawa. Hesabu zinasema vingine. Miezi ya mwisho kabla ya Machi 2020, kabla ya amri yoyote ya kufunga, wanandoa hao walikuwa tayari wanaishi kwa akiba yao.

Kilichopotea bila mtu kukitarajia

Kabla ya ukarabati, gari la mwoka mikate lilikuwa likizunguka vitongojini. Alipiga honi mara mbili mbele ya kila kundi la nyumba, wazee wakatoka na sarafu mkononi. Mkahawa ulipofunguliwa upya na kuanza tena kuuza mikate yake kila siku, mwoka mikate alisitisha mzunguko, kwa kuwa petroli na saa zake hazikuwa na faida tena. Hilo halikuandikwa popote kwenye mradi. Ruzuku zilizotolewa ili kuleta huduma karibu na wananchi ziliiondoa huduma hiyo kwa wale walio mbali zaidi.

Mkahawa ulipofungwa, gari halikurudi. Kwa mwaka mmoja na zaidi, mama mmoja wa kitongoji cha juu alikula mkate wa kugandisha alioletewa na mwanawe mara mbili kwa mwezi. Nimeambiwa kwamba habari za mama huyu ndizo zilizobadilisha mjadala barazani kuliko ripoti yoyote.

Jaribio la pili

Baraza jipya lilikuwa na udhaifu mmoja wa kwanza kabisa. Diwani Mwingereza aliyekuwa akishughulikia hesabu hakuweza kugombea tena, kwa sababu Uingereza ilitoka Umoja wa Ulaya Januari 2020, na raia wake wakapoteza haki ya kuchaguliwa katika mabaraza ya Ufaransa. Mamia ya madiwani walipoteza viti hivyo hivyo. Huyu alibaki kijijini akaendelea kusaidia bila cheo.

Safari hii hawakuanza na tangazo. Madiwani wawili wawili walipita nyumba kwa nyumba, vitongoji vyote, wakiuliza swali moja la msingi: kila wiki wewe mwenyewe utanunua nini pale, na saa ngapi? Hawakuuliza kama watu wanataka mkahawa, kwa maana kila mtu anautaka. Majibu yalikuwa ya kawaida sana: mkate, kahawa, vifurushi vya posta, gesi, sigara, mahali pa kukaa Ijumaa jioni. Mgahawa wa kila siku haukutajwa na wengi.

Kutoka hapo walifanya maamuzi manne. Nayaeleza pamoja na sababu zake.

Kwanza, dirisha la posta lilihamishwa kutoka ofisi ya meya likawekwa kwenye kaunta ya mkahawa. Sheria inaitaka posta ya Ufaransa iwe na vituo visivyopungua 17,000 nchini, na komuni inayokubali kuendesha kituo hulipwa fidia kila mwezi. Fedha ile ilikuwa inaingia tangu zamani, ikilipa saa za mtumishi aliyekaa peke yake akisubiri wateja. Sasa saa hizo hizo zinawasha taa ya duka.

Pili, waliunda chama cha wanakijiji chini ya sheria ya 1 Julai 1901, sheria ambayo karibu kila timu ya mpira na kwaya ya Ufaransa imesajiliwa kwayo. Chama ndicho kinachoendesha duka na mkahawa. Jengo na leseni vimebaki mali ya komuni.

Tatu, na hili ndilo kubwa: waliajiri mtu kwa mshahara. Ni mwanamke wa kitongoji cha jirani, mwenye mikataba miwili ya kazi ya saa chache kwa siku, mmoja wa komuni kwa kazi ya posta, mwingine wa chama kwa kazi ya duka. Alipelekwa kwenye mafunzo ya saa 20 ambayo sheria inamtaka anayeanza kuendesha baa ayapate. Duka likikosa wateja Februari, yeye bado analipwa. Hasara, ikiwepo, ni ya chama, na chama ni kijiji.

Nne, jiko kubwa lilikodishwa kwa mpishi wa nje kwa miezi ya kiangazi tu. Miezi mingine linapika mara moja kwa wiki, Alhamisi mchana, chakula cha pamoja cha kuagiza mapema.

Na mkate? Jumapili hugawanywa na watu wa kujitolea. Siku mbili nyingine gari la komuni, lile lile linalobeba chumvi ya kumwaga barabarani wakati wa theluji, hupita vitongojini na kikapu. Daftari la penseli limerudi.

Matokeo

Mkahawa umebaki wazi tangu ulipofunguliwa upya. Haupati faida, na haukuahidiwa kupata. Hufunguliwa saa chache kuliko zamani, na Jumatatu hufungwa kabisa. Wawindaji wamerudi. Wazee wa karata wamerudi, isipokuwa wawili waliofariki wakati mlango umefungwa. Mpishi wa kwanza na mkewe wanaishi mji mwingine na wana kazi. Deni la mkopo wa ukarabati komuni inaendelea kulilipa, pamoja na sehemu ya jiko isiyotumika, na paa la kanisa bado linasubiri.

Uchambuzi

Kununua jengo pamoja na leseni kulifaa, na kulifaa kwa sababu kulifanyika mapema, kabla leseni haijahama au kufa. Kama baraza la kwanza lingesita, la pili lisingekuwa na cha kufufua. Wanakijiji wengi humkumbuka meya wa kwanza kwa jiko lililozidi. Mimi ningemkumbuka kwa leseni.

Kosa la kwanza lilikuwa kuacha umbo la ruzuku liamue umbo la mradi. Hili si la Ufaransa peke yake. Popote ambapo mfadhili hulipia majengo na halipii mishahara, utakuta zahanati nzuri isiyo na muuguzi. Baraza lilijua kwamba jiko ni kubwa. Lakini jiko dogo lingepunguza ruzuku, na jiko kubwa lilionekana kama fedha za bure. Gharama ya kitu cha bure ilikuja kwenye bili ya umeme, na bili haikuja kwa baraza, ilikuja kwa wapangaji.

La pili, ambalo kwangu ndilo kiini cha kisa hiki, ni kuwakabidhi watu wawili kazi iliyokuwa ya kijiji kizima. Kumwangalia mzee ambaye hakuja kuchukua mkate, kufungua Februari, kukaa na mteja mmoja wa kahawa kwa saa mbili, hizo ni huduma za jamii. Waliotangulia walizifanya kwa miaka mingi kwa sababu nyumba ilikuwa yao na hawakuwa na deni, na kwa hiyo hakuna aliyewahi kuona bei yake. Wapangaji wapya walipozibeba wakiwa na watoto wawili na bila akiba kubwa, bei ikaonekana, na kijiji kikadhani tatizo ni tabia yao.

Mbinu ya kuuliza nyumba kwa nyumba ilikuwa na thamani kuliko mkutano wa hadhara uliofanyika mara ya kwanza. Mkutanoni walizungumza wanaoweza kufika na wanaojua kuzungumza. Suala la honi ya gari la mikate lisingejulikana ukumbini, kwa sababu walioathirika hawana gari la kuwafikisha ukumbini.

Udhaifu wa mpango wa sasa uko wazi. Watu wa kujitolea ni wale wale: wa mkate wa Jumapili ndio wa kamati ya sherehe, na wawili kati yao ni wazima moto wa kujitolea, kama walivyo karibu wanne kati ya kila wazima moto watano wa Ufaransa. King'ora kikilia Jumapili asubuhi, mkate hauna mgawaji. Mfanyakazi mwenye mikataba miwili akiugua, hakuna wa kushika posta, kwa kuwa kazi ile inahitaji mtu aliyefundishwa na kusajiliwa. Chama kimeanza kumfundisha mtu wa pili, kijana aliyerudi kijijini kufuga mbuzi wa maziwa, ila saa zake za kukamua zinagongana na saa za mkate.

Kuna pia suala la baraza. Sheria ya Mei 2025 imezitaka hata komuni zenye watu wasiofika 1,000 zichague madiwani kwa orodha, majina ya wanawake na wanaume yakipokezana, kuanzia uchaguzi wa Machi 2026. Kabla ya hapo mtu aliweza kusimama peke yake, na mpiga kura akakata jina asilolitaka. Katika kijiji ambacho kupata watu 11 walio tayari kulishakuwa kugumu, kazi ya kuunda orodha inaweza kuwaleta barazani wanawake wanaoendesha chama cha mkahawa, ambao hadi sasa wamefanya kazi yote nje yake. Wakiingia, mkataba wa chama na komuni, ambao leo ni kurasa mbili zisizosema nani atalipa mwaka wa hasara kubwa, utakuwa mezani kwa watu wanaojua kilichomo ndani ya daftari.